Jiwe Ndani ya Sabufa

Siku ya kuniaga mlinipa maikrofoni mkaniambia niseme neno. Nilisema "asanteni sana, Mungu awabariki", nikakaa. Mkadhani nimezidiwa na furaha. Furaha ya wapi! Tajiri alikuwa amekaa kiti cha mbele, na maneno niliyokuwa nayo nisingeyasema huku ananitazama. Sasa nimestaafu, niko kwangu Endabash na kuku wangu na bega langu bovu, na hakuna wa kunitolea macho. Nawaandikia ninyi wawili mliobaki kwenye kaunta ya spika pale Karatu. Vyeo sitavieleza, sikuwahi kuwa navyo. Mshahara nao tuuache ulale.

Kazi nilifundishwa na Fundi Gwandu, mtengeneza redio, kwenye kibanda cha mbao nyuma ya soko. Alikuwa mzee mfupi, mkali, anavaa koti la sufu hata jua likiwaka. Siku ya kwanza sikushika hata bisibisi. Alinikalisha kwenye kreti la soda, akawasha redio aliyotoka kuitengeneza, akatafuta taarifa ya habari.

"Huyu msomaji meno yake ni ya kwake au ya bandia?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kama husikii meno, hiyo spika haijapona. Kaa hapo mpaka uyasikie."

Nilikaa mpaka mchana, nasikiliza "s" na "sh" za watu nisiowajua. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu nikamwambia msomaji wa asubuhi ana pengo la mbele, upande wa kushoto. Gwandu akaniangalia kwa muda, akanipa bisibisi. Kama kweli yule mtu alikuwa na pengo sijui hadi leo, wala Gwandu hakujua, lakini nilikuwa nimeanza kusikiliza.

Alikuwa na msimamo wake kwamba muziki hauaminiki. Muziki unajaza chumba, alisema, unafunika uchafu kama mkeka unavyofunika sakafu mbovu. Ukitaka kuijua spika, mpe mtu aongee ndani yake, kwa sauti ya chini, halafu nenda ukasimame mlangoni. Kama maneno yanakufikia yote, hiyo ni spika. Ukilazimika kuongeza sauti ndipo umwelewe, rudisha ulikoitoa. Akitoka hapo analigonga boksi kwa kifundo cha kidole. Mbao nzuri inajibu kifupi na kunyamaza. Plastiki inaendelea kulalamika. Mwisho anaibeba, anaipima mkononi, anasema, "Sumaku ipo." Maana enzi hizo uzito wa spika ulikuwa ni sumaku na mbao, hakuna kingine. Spika nzito ilikuwa spika nzuri. Alinifundisha hivyo, na mimi nikawafundisha wateja wangu wote, Mungu anisamehe.

Macho yalipomwishia akafunga kibanda. Aliniachia spika zake mbili ndogo, alizitengeneza mwenyewe kwa mbao za kitanda kilichovunjika, kila moja inaenea kwenye kiganja. Hazina taa, hazina rimoti, hazina jina. "Ukichanganyikiwa," aliniambia, "sikiliza hizi, utajua umepotelea wapi." Nilizibeba mpaka dukani kwa tajiri aliponiajiri, nikazificha chini ya meza ya ufundi, maana alisema zinachafua duka.

Wakati huo kompyuta zilikuwa zimeanza kuingia majumbani Karatu. Walimu, wachungaji, madereva wa watalii, kila mmoja anayo ya mezani aliyoinunua ikiwa imetumika, na kila mmoja anakuta haina sauti ya maana. Wanakuja kwetu. Hapo ndipo nilipojua kwamba watu wa huku wananunua spika kama wanavyonunua maharage. Mkulima ametoka Mbulumbulu, ameacha magunia yake kwa dalali, anaingia dukani, hata kuwasha hataki. Anainama, anaikumbatia sabufa, anainyanyua mpaka kifuani. Anatikisa kidogo. Anaishusha.

"Hii ni nyepesi, fundi. Haina kitu."

"Isikilize kwanza, baba."

"Nisikilize nini? Nimeishika."

Jamani, utamwambia nini mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kudanganywa na mkono wake? Mkono huo umempimia ngano na kitoto cha mbuzi. Usimcheke. Alikuwa anatumia somo lile lile la Gwandu.

Kabla sijafika kwenye uchafu, acheni niwape yaliyo safi, msije mkasema mzee kaandika hasira tupu. Mteja akija kutafuta spika ya kompyuta ya nyumbani, muulize kwanza anakaa wapi akiwa kwenye kompyuta, na anasikiliza nini. Mtu anayekaa hatua moja kutoka kwenye meza hahitaji mzinga wa kutikisa bati la jirani. Wati zilizoandikwa kwenye boksi zisahau, yule aliyeziandika hakuwa hata na aibu. Angalia twita, kile kispika kidogo cha juu kinachotoa sauti nyembamba; chungulia na tochi uone kama nyuma ya wavu kuna kitu kweli, maana nyingine ni wavu na gundi tu, pambo. Zungusha kitufe cha sauti polepole usikie kama kinakwaruza. Chomeka umeme bila kucheza chochote, sogeza sikio. Kama inavuma kama nyuki, itavuma hivyo hivyo miaka yote. Mwambie akifika nyumbani azitenganishe mbili, moja huku moja kule, usawa wa masikio, asizibanie ukutani. Na mwambie mama mwenye nyumba, kwa heshima zote, kile kitambaa cha kufuma anachofunikia spika akiondoe. Nimeitwa nyumba ngapi kutengeneza spika ambayo ugonjwa wake ulikuwa kitambaa!

Haya. Sasa uchafu.

Ulikuja mzigo wa sabufa nyepesi kuliko ndoo tupu. Zina taa za kila rangi, zina twita nne kwa macho, na kwa kweli hazina hata moja. Zilikaa. Wateja wanainyanyua, wanaishusha, wanaondoka. Tajiri akaniita stoo.

"Fundi, hawa watu wanataka nini?"

"Uzito."

"Si uwape?"

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Mchana ule ule aliniletea nusu mfuko wa saruji, mchanga, na kikopo cha siagi kilichoisha. Unakoroga kwenye ndoo, unajaza kikopo, ikianza kukauka unaitoa, unaiweka nyuma ya kasha pembeni ya saketi, unaibana kwa gundi. Kwa kuwa waya wa umeme unapita hapo hapo, nilikuwa naikandamiza saruji kwa kidole gumba kabla haijakauka, pawe na mfereji mdogo wa waya. Kazi safi, hata mtu akitikisa haisikiki. Niliifanya vizuri, na hicho ndicho kinachoniuma, kwamba niliifanya kwa ufundi. Tajiri alizinyanyua moja moja akacheka mpaka machozi. Wiki ile ile ziliisha.

Mtaniuliza kwa nini nilikubali. Nilikuwa naishi chumba cha uani kwake, mke wangu anaumwa, na nilikuwa mwoga. Sina sababu nyingine ya kuwapa. Mke alipokwenda mbele ya haki nikabaki na chumba na uoga, na nikaendelea kukoroga. Fundi Gwandu alipita dukani mara moja, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Aliigonga sabufa moja, akainyanyua, akaiweka. Kipofu yule akageuza uso mpaka nilipokuwa nimesimama, kimya, nimebana pumzi.

"Amsi," akaniita kwa jina, "umejenga nyumba humu ndani?"

Hakuja tena, wala sikwenda kumwona, mpaka nilipokwenda kumzika.

Sasa nawaeleza habari ya Naserian. Ninyi mlimwona mara moja moja, hamkujua kilichotokea.

Alikuwa binti wa Kimasai, kwao ni huko juu Ngorongoro, lakini alikuwa anakaa Karatu kwa dada yake mwalimu wa shule ya msingi. Dada ana kompyuta ya mezani. Binti simu yake ilikuwa kitochi cha vitufe, kwa hiyo kila kitu chake kilikuwa kwenye flashi, na flashi ameifunga kwenye uzi wa shanga shingoni. Aliingia asubuhi, mimi niko kaunta, tajiri yuko nyuma yangu anakunywa chai.

"Takwenya!" nikamsalimia kwa kwao.

"Iko! Shikamoo, baba. Natafuta spika za kompyuta, lakini siyo za muziki."

"Za nini basi?"

"Za ndege."

Akanieleza. Kuna hoteli ukingoni mwa msitu, kabla ya geti la hifadhi, ilikuwa inatafuta mwongozaji wa wageni wanaokuja kuangalia ndege. Wageni wa aina hiyo, alisema, hawana haja na simba. Wanaamka alfajiri kutafuta kitu kidogo kuliko ngumi. Na ndege wa msituni huwaoni, unawasikia. Mwongozaji mmoja mstaafu alimpa sauti zao zote, kila mmoja na jina lake, akamwambia: ukizishika hizi kichwani, kazi ni yako. Usaili ulikuwa baada ya miezi mitatu. Hoteli ile haikuwahi kuajiri mwanamke kwa kazi hiyo.

"Ndege wa nyikani nawajua tangu nachunga ndama," akasema. "Hawa wa msituni ndio sijakua nao."

Niliinama kuvuta spika za Gwandu chini ya meza. Mkono wangu ulikuwa umeshazigusa. Tajiri akasema, "Fundi, mwoneshe sabufa."

Nikasimama na sabufa. Nikachomeka flashi yake kwenye kompyuta yetu ya majaribio, nikanakili mafaili kama tunavyofanya siku zote, nikacheza la kwanza. Ilikuwa sauti ya chozi, yule ndege wa maua asiyezidi kidole gumba. Tajiri akafungua besi yote. Looh! Chozi akatoka kama jogoo aliyefungiwa ndani ya pipa.

"Sikia hiyo!" tajiri akasema. "Ndege anatikisa kioo!"

Naserian hakucheka. Alisogeza sikio, akarudisha nyuma, akacheza tena. Halafu akanitazama mimi, siyo tajiri.

"Baba, wewe ndiye fundi. Hii itanifaa?"

Nilijua. Nilijua kwamba zile twita ni wavu mtupu, na kwamba kila kinacholia juu kwenye ile flashi kinakatwa shingo kabla hakijatoka. Hata hedifoni za kutandikwa chini barabarani zingemfaa kuliko ile. Sentensi moja tu, na angeondoka na kitu cha kumfaa. Nyuma yangu nilisikia tajiri anaweka kikombe kwenye kisosi.

"Itakufaa," nikasema.

Akainyanyua, kama wote. Uso ukamng'aa. "Nzito," akasema. Nilimfungia kamba mwenyewe.

Miezi mitatu ile alipita dukani mara mbili tatu, kila mara na furaha. Dada yake anamlalamikia kwamba nyumba imekuwa tundu. Ameshika wote, ananiambia, anawataja hata akiwa anaosha vyombo. Akaniambia nimwombee. Nikasema nitamwombea, na niliomba kweli, kama mjinga, kana kwamba Mungu ndiye aliyeuza ile sabufa.

Alirudi wiki moja baada ya usaili. Hakuleta sabufa. Hakuwa na ugomvi. Alisimama pembeni mpaka wateja walipopungua, akasogea kaunta, akaongea chini chini.

"Baba, nimeshindwa."

"Pole, binti yangu. Ilikuwaje?"

"Walitutembeza msituni. Wakawa wanasimama, wanauliza, huyu nani? Huyu nani? Sikumjua hata mmoja. Walikuwa wanalia juu, wakali, wembamba, siyo wale niliowasoma. Wenzangu wanasikia, mimi nasikia kitu kingine." Akaegemea kaunta. "Nimekuja kukuuliza. Ninyi mna ile mashine ya kupima sauti. Inaweza kunipima masikio? Nafikiri masikio yangu ni mabovu."

Tajiri alikuwepo, anahesabu risiti. Aliinua kichwa akanitazama, basi tu, alinitazama.

"Huenda," nikasema. "Nenda hospitali wakuangalie."

Akanishukuru. Sikilizeni hapo, ninyi mliobaki: alinishukuru.

Niliendelea na kazi miaka miwili baada ya hapo. Niliposimama kuagwa mlinipigia makofi, na tajiri akanikabidhi zawadi iliyofungwa karatasi ya maua. Alisema amenichagulia iliyo nzito kuliko zote dukani. Watu wakashangilia. Nilijua ni nini kabla sijaigusa. Sidhani kama ni kejeli. Nadhani amesahau, na hilo ni baya zaidi. Nilifika nayo huku Endabash, nikatoa skrubu nne za nyuma. Jiwe lilikuwa pale pale nilipoliweka, na katikati yake kuna alama ya dole gumba langu, mistari yake yote, na kovu la kuungua na risasi ya kuchomelea waya. Miaka yote ya kazi, nikazawadiwa jiwe langu mwenyewe.

Nililiangalia siku mbili. Siku ya tatu nikamtafuta Naserian. Dada yake akaniambia yuko hoteli ile ile. Nafasi ya ndege alipata mwingine, wakamwambia ya udobi ipo. Nikapanda gari la mboga linalopeleka bidhaa pale, nimepakata laptopu kuukuu, ile ya majaribio niliyopewa ilipochakaa, yenye mafaili yake, na spika za Gwandu ndani ya mfuko.

Nilimkuta uani anaanika mashuka. Kwenye uzi wa shanga sasa kuna ufunguo wa stoo ya sabuni. Alifurahi kuniona, akaniletea kiti, akaniamkia, akaniuliza habari za afya. Nikamwambia, binti yangu, kaa kidogo, nataka usikilize kitu. Nikaziweka spika juu ya beseni lililopinduliwa, moja huku moja kule, usawa wa masikio. Nikacheza. Sauti ya chini tu.

Chozi akalia. Mwembamba, mkali, kama sindano inavyopita kwenye kitambaa kipya.

Naserian akaacha kufuta mikono. Nikacheza wa pili, kwa mpangilio ule ule aliowakariri. Midomo yake ikaanza kusogea. Wa tatu alimtaja kwa sauti. Wa nne, wa tano, wa sita, hatazami skrini, anatazama msituni, anawataja. Wote sawa. Nilitaka kuzima, nikashindwa.

"Kumbe nilikuwa nawasikia," akasema. "Siku ile. Walikuwa hawa hawa. Niliwasikia vizuri kabisa."

"Uliwasikia vizuri. Masikio yako hayana tatizo lolote."

Akazigusa zile spika, akainyanyua moja, akashangaa wepesi wake. Halafu akageuka.

"Fundi, ulijua?" Hakuniita baba.

"Nilijua."

"Siku niliyokuja kukuuliza habari ya masikio?"

"Hata siku ya kununua. Nilijua siku zote mbili."

Nilitamani anitukane, anipige na beseni, chochote.

"Nilikwenda hospitali mara mbili," akasema. "Waliniosha masikio mara mbili, fundi. Mara ya pili daktari aliniambia nisirudi, sina ugonjwa. Sikumwamini. Nilikuamini wewe."

Nyuma ya kamba za mashuka ndege akalia, mara moja. Alimtaja jina bila kugeuka. Akaziweka spika za Gwandu ndani ya mfuko wangu, akafunga fundo, akaniwekea mapajani, akabeba beseni lake akaenda.

Spika zile nawaletea ninyi, kwa huyu huyu anayewakabidhi karatasi hizi. Ziwekeni chini ya meza pale zilipokuwa, msimwambie tajiri. Na najua ndoo ya saruji sasa iko mikononi mwenu, kwa sababu sabufa nyepesi bado zinauzwa pale, na mimi sipo wa kuzijaza. Kwa hiyo nimewaletea na jiwe langu. Kila mmoja wenu atie dole gumba pale penye alama yangu. Likiingia, jueni mnafuata njia yangu; mwageni mbali hiyo ndoo siku hiyo hiyo, kabla haijakauka.